Jua la Sebuleni

Mwalimu alifundisha jiografia miaka thelathini, na tangu astaafu hakuna aliyemsalimia akaondoka bila somo. Baridi ya mji ule ilimpa mada ya kudumu. Mama yake alilala chumba cha nyuma kisichoona jua, akiamka magoti yamekakamaa, na dada yake Mwalimu alishatoa neno: nyumba isipopata joto kufikia mwisho wa mwezi, mama anahamia kwake. Hilo lilimchoma Mwalimu. Yeye, mtu wa ramani na dira, anyang'anywe mama kwa sababu ya baridi!

Basi akaingia kazini. Siku tatu alipima vivuli uani, kofia kichwani, penseli sikioni. Akaita mwashi, ukuta wa sebule ukabomolewa, likawekwa dirisha la vioo viwili kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Chini yakatandikwa mawe meusi, yanywe jua mchana na kulitema jioni. Kuni hakuna, umeme hakuna, ni akili tu, aliwatangazia majirani. Joto lingejipitia mlangoni lenyewe hadi kwa mama. Kazi ilikuwa safi, tusimwonee.

Tatizo, mlango wa sebule una ufunguo, na ufunguo anao mkewe. Makochi yale ni ya wageni, bwana, na jua linachujua vitambaa. Mke akashona pazia zito, akalivuta, akafunga mlango. Mwalimu, aliyewahi kutetemesha shule nzima, alikohoa tu akaenda kusoma gazeti.

Siku ya mwisho wa mwezi dada akaja. Haraka haraka mlango ukafunguliwa, pazia likavutwa kando, na baada ya saa moja chumba kilikuwa kimechangamka kwa joto hadi dada akavua sweta. Mwalimu akamwonyesha kipimajoto, akaeleza mawe, pembe za jua, vioo. Dada akakiri kwamba kweli kaka yake ana kichwa, na mama abaki.

Mama akaingia akijikongoja, blanketi mbili mabegani. Hakuketi kwenye kochi. Akajishusha taratibu kwenye mawe, akanyoosha miguu juani, akafumba macho kwa raha.

"Usiondoke mapema, mwanangu," akamwambia binti yake. "Ukiondoka tu, wanafunga."

Dada akavaa sweta lake, akaenda chumba cha nyuma kufungasha nguo za mama.