Ngoma Zilizoota Moto Melini

Mama mkwe wangu alituma mtu aje kutuambia tusihangaike kubeba ngoma. Kilwa ngoma zipo na wapigaji wapo, alisema, sisi tulete mwali tu. Yule mjumbe aliyasema hayo kwa adabu kabisa, ameketi kwenye jamvi la mjomba wangu kule Tangini na bakuli la uji mkononi, wala hakujua kwamba ametutukana. Kwetu Wazaramo mwali hafikishwi kwa mumewe kwa ngoma ya watu. Akifika kimya, maana yake kwao wamemtupa, na wenyeji watamwimbia watakavyo, na jina watakalomwimbia siku hiyo atazeeka nalo. Mwali mwenyewe nilikuwa mimi. Hasira zilinipanda mpaka uji wangu ukanishinda.

Mume nilimpata Maili Moja, jirani na Tangini, enzi za Mwingereza, barabara ya Morogoro ilipokuwa ikitengenezwa. Yeye alikuwa fundi mwashi, na mimi nilikuwa nakaa kwa mjomba na kuwauzia mafundi mihogo ya kuchoma. Aliisifia mihogo kwanza, mimi baadaye, na sikumsamehe upesi. Posa ikapelekwa Mzenga kwa wazazi wangu, ikakubaliwa, ndoa ikafungwa huko huko, kisha yeye akatangulia kwao Kilwa kutengeneza nyumba. Kilichobaki ni mimi kupelekwa, na kwa msafara wenye wazee na mizigo, njia ya Kilwa ilikuwa meli.

Mjomba alikuwa mpiga ngoma tangu hajaota ndevu. Aliposikia ule ujumbe alikwenda uani akazishusha ngoma zake zote, kubwa na ndogo, akaanza kuzifunga kamba. Kisha akafunga na mzigo wa kuni kavu na makuti. Ngozi ya ngoma ikipata unyevu hulegea, na hakuna mpigaji anayeanza kazi kabla hajazipasha ngoma zake moto. Basi mjomba alipanga kwamba alfajiri, meli ikikaribia Kilwa, tutawasha moto pale pale tulipokaa. Hakuna aliyeona ajabu. Wote tulikuwa watu wa mihogo na korosho, bahari tuliijua kwa kuisikia, na meli yenyewe tuliambiwa inatoa moshi, tukajua moto ndani yake ni ruhusa.

Bandarini Dar es Salaam serahangi, mkuu wa mabaharia, aliuona ule mzigo wa kuni kichwani kwa mjomba, akauliza ni wa nini. Mjomba akamweleza vizuri, kama mtu anayemweleza jirani. Serahangi alicheka mpaka akashika kamba asianguke. Akawaita wenzake waje wasikie, wakacheka wote, kisha kuni zetu zikaachwa gatini na sisi tukasukumwa tupande. Mimi nilikuwa nimefunikwa kanga gubigubi, na mwali haruhusiwi kusema na mtu yeyote mpaka afikishwe, isipokuwa na somo wake, kungwi anayemfunda, tena kwa kunong'ona. Kama si hivyo, serahangi yule angelisikia la kwake siku ile.

Somo wangu alikuwa shangazi, dada wa baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alinikalisha sitahani katikati ya mizigo, baina ya matenga ya kuku na magunia ya vitunguu ya abiria wengine, akaniambia niinamishe kichwa. Nikainamisha kichwa, macho nikayaacha yafanye kazi. Kwenye upenyo wa kanga niliona nchi yetu ikipungua mpaka ikawa mstari, kisha ikaisha. Sikujua kwamba maji yanaweza kuwa mengi namna ile na bado mtu asipate ya kunywa. Wanawake wa msafara wetu walianza kutapika mapema. Mimi tumbo lilitulia, na mpaka leo najivunia hilo.

Usiku ukaleta umande wa chumvi. Kila kitu kikawa chepechepe: kanga, mikeka, hata nywele. Mjomba alizifunika ngoma zake kwa shuka, kwa koti lake, mwisho kwa kifua chake mwenyewe. Kila baada ya muda aligonga ngozi kwa kidole, na kila mara sauti ilikuwa imeshuka zaidi, mpaka ngoma kubwa ikawa inajibu kama gunia la unga. Akaacha kugonga. Akakaa na mikono yake mapajani, na nilimwona mjomba wangu, mtu ninayemwogopa, anafuta uso kwa ncha ya shuka. Niliumia sana. Niliona asubuhi inavyokuja: meli inaingia, Kilwa nzima iko ufukweni, na sisi tunashuka kimya na ngoma zilizokufa.

Ndipo akapanda mtu kutoka chini, mweusi kwa vumbi la makaa ya mawe, amejifunga kitambaa kichwani, amekuja kupunga upepo. Alikuwa mmoja wa wachochea moto wa meli. Kumbe habari ya kuni zetu ilikuwa imeshamfikia. Akauliza Wazaramo wenye kuni ni wapi, na shangazi akamuuliza yeye ni nani hata aulize. Akasema Mnyamwezi. Lo, shangazi alikaa sawa. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akikutana na mtani hakuna salamu, ni matusi. Yule bwana alisema tumekosea njia, turudi tukachimbe mihogo. Shangazi akamwambia Mungu alimuumba vizuri, ila alimsahau jikoni. Abiria waliokuwa wamelala wakaamka kusikiliza.

Mimi sikuwa nasikiliza utani. Nilikuwa natazama juu, kwenye dohani, moshi ukitoka na cheche moja moja ndani yake. Nikamvuta shangazi kanga. Nikamnong'oneza, "Shangazi, moshi ule unatoka wapi?"

Alitazama dohani, akazitazama ngoma, akamtazama yule mtu na vumbi lake la makaa. Kisha akasimama mbele yake, na utani ukamtoka usoni ingawa maneno yalibaki ya utani.

"Mtani, wewe unakaa na moto huko chini, na ngoma za harusi zinakufa kwa baridi hapa juu. Ukininyima moto huo, siku utakayokufa nitakuja kukuzika mguu mmoja nje."

Mchochea moto alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema Mzungu akimkuta na watu kule chini, kazi hana. Hakusema hapana, kwa sababu mtani kwenye harusi na msiba hana hapana. Alitazama huku na huku, akaibeba ngoma kubwa begani, akamwambia mjomba ashike nyingine na ashuke taratibu, ngazi ni ya moto.

Sikuona kilichofanyika huko, mjomba alinisimulia baadaye: chumba cha chuma chenye joto la tanuri, wanaume vifua wazi na makoleo, na mlango wa moto ukifunguliwa hata macho yanakauka. Ngozi ikikaribia sana ingepasuka, ikikaa mbali isingekauka, na alizigeuza ngoma pale usiku wote huku mtani na wenzake wakimcheka na kumpisha nafasi. Mimi nililaza sikio kwenye bati la sitaha. Chini yangu, katikati ya mngurumo wa mitambo, nilisikia kidole chake. Kwanza kilijibiwa kwa sauti nzito. Nikasubiri. Kikagonga tena, kikajibiwa kwa sauti nyepesi kidogo. Kulipokaribia kupambazuka kikagonga, na ngoma ikajibu kwa ukali mpaka meno yangu yakasikia. Nililia chini ya kanga yangu kwa furaha, na shangazi, aliyedhani nina hofu, akanikanda mgongo.

Jua lilitukuta tunaingia ghuba ya Kilwa. Mikoko ilisimama majini pande zote, maji yalikuwa ya kijani kama majani machanga ya mhogo, na upande wa kisiwa yalionekana magofu ya watu wa zamani. Ufukweni umati ulikuwa umeshafika na ngoma yao imeshaanza. Meli ikapiga honi. Mjomba, macho mekundu na masizi mpaka masikioni, akaijibu ile honi na ngoma kubwa.

Ghuba yote ilijibu. Nasema kweli, sauti ilikwenda kwenye mikoko ikarudi. Wanawake waliotapika usiku kucha waliinuka wakacheza, wenye kuku na wenye vitunguu wakapiga makofi, na serahangi aliyetucheka alikuja na uso wa kutukataza, akafika, akasahau alichojia. Kule ufukweni ngoma yao ilipungua, ikanyamaza. Walikuwa wanatusikiliza.

Mashua iliyotushusha melini ilipokaribia nchi kavu, mama mkwe aliingia majini mpaka vifundoni kutupokea. Alikuwa mwanamke mrefu, amejitia udi, na hakunitazama mimi kwanza. Aliweka kiganja kwenye ngozi ya ngoma kubwa.

"Mmelala baharini," alisema. "Imekaukaje hii?"

Nilijua shangazi atajibu kwa kirefu, na sifa zote atajivika yeye; mimi ningefanya hivyo. Akasema, "Muulize mwali wenu. Sisi tulibeba kuni, yeye ndiye aliyeuona moto."

Mama mkwe akainua upindo wa kanga akanitazama, nami nikasahau kuinamisha macho. Akaushusha taratibu. Kisha akawageukia watu wake akawaambia waweke ngoma chini, ya wageni itangulie mpaka mlangoni kwake. Wanawake wa Kilwa wakashika wimbo juu ya ngoma ya mjomba, wakaniimbia mwali aliyekuja na moto wake, na hilo ndilo jina nililozeeka nalo.