Mstari wa Nne Niliouruka

Gari lilikuwa limesimama. Kioo cha mbele kizima. Redio bado inaimba.

Mzee Uledi amekaa kiti cha kushoto, macho wazi, hana hata mchubuko. Nikainama dirishani.

"Mzee, vipi? Uko salama?"

Hakugeuka kunitazama. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia miwani yake aliiweka wapi:

"Binti, hivi mikono yangu iko wapi?"

Mikono yake ilikuwa mapajani mwake. Mimi naiona. Yeye haihisi.

Watu karibu arobaini walikuwa wanakimbilia lile gari. Wote wanauliza imekuwaje. Katika wote hao, mimi peke yangu nilikuwa najua imekuwaje.

Na mimi ndiye niliyenyamaza.

*

Naitwa Nesta. Kwetu Itumba, Ileje. Kule ukishaweza kushusha pikapu ya mahindi mlimani wakati wa mvua, hakuna wa kukufundisha usukani. Nina diploma ya uandishi wa habari. Na nina mdomo.

Sijisifu. Ndiyo kitu pekee nilichonacho ambacho sikukopa kwa mtu. Nikiamua kukuchana kwenye kikao, unatoka umechanika, na wenzako wanabaki wameshika mbavu.

Mwaka 2013 wafanyabiashara wa Tunduma wenye magari ya kasi walianzisha klabu. Walipata uwanja wa changarawe pale Mpemba. Mwenye uwanja alikuwa ameusawazisha kwa greda uwe maegesho ya malori, akaishia njiani. Tukapanga mapipa, tukachonga kona, tukainua tuta la udongo kule mwisho ili gari likishindikana liishie hapo.

Wakufunzi tulikuwa wawili. Mimi, ambaye pia nilikuwa katibu. Na Mzee Uledi, dereva wa malori miaka ishirini na mbili, Lubumbashi na Harare anazijua kama jikoni kwa mkewe.

Kazi yenyewe iko hivi. Mwanafunzi anaendesha gari lake. Wewe unakaa pembeni yake, unamwambia akanyage wapi, aachie wapi. Saa mbili uko kwenye Subaru ya huyu, saa mbili na nusu uko kwenye Altezza ya yule. Gari si lako, usukani si wako, breki si zako.

Shingo tu ndiyo yako.

Siku moja mwenyekiti wetu, Idrisa, muuza spea, alipiga tuta akakaa wiki nzima anageuka mwili mzima kama bundi wa mbao. Ndipo tukaamka. Gari likisimama ghafla, mkanda unakushika kifua. Kichwa hakishikwi na kitu. Na kichwa kimevaa kofia ngumu, kizito. Kinaendelea na safari, shingo inabaki inavuta.

Kuna kifaa cha kuzuia hilo. Unakivaa mabegani, kinafungwa na kofia kwa kamba fupi mbili, kichwa kisitupwe mbele. Jina lake la kitaalamu ni refu. Wanachama wetu wa Mbozi, wanaolima kwa ng'ombe, walipokiona tu pichani wakakiita nira. Jina likakaa.

*

Muuzaji alikuwa Mzambia wa Kitwe, Ba Enoka. Tulimkuta upande wa kwao, ametandaza vifaa juu ya boneti.

"Mulishani, Ba Enoka," nikamsalimia.

"Bwino, ba mayo. Chagueni."

Aina zilikuwa mbili, bei karibu sawa. Kwa hiyo hata kisingizio cha hela sina.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, inang'aa, imepinda vizuri juu ya mabega. Ukiivaa unaonekana kama wale wa kwenye televisheni. Tukaiita nira ya mabega.

Ya pili ilikuwa na mikanda yake yenyewe, inazunguka kifua na kupita kwapani. Imechakaa rangi. Haina mvuto wowote. Hiyo tukaiita nira ya kifua.

Mzee Uledi aliigeuza ile ya kifua, akaivuta mikanda, akavijaribu vifungo vyake.

"Mimi nasema hii," akasema. "Hii imejifunga yenyewe mwilini. Ile nyeusi inataka ishikwe na mikanda ya mashindano, mmoja bega hili, mwingine bega lile. Sisi tunapanda magari ya watu. Kule kushoto kuna mkanda wa kiwandani, unashika bega moja tu. Bega la pili nani atalishika?"

Maneno ya mtu mzima. Ya mtu aliyefunga mizigo kwa kamba miaka ishirini na mbili, anayejua kamba moja haishiki mzigo wa pande mbili.

Mimi nilikuwa nimeshaivaa ile nyeusi. Nilikuwa nimeshajitazama kwenye kioo cha gari.

"Shikamoo Mzee Uledi," nikasema.

"Marahaba. Si ulishaniamkia asubuhi?"

"Nakuamkia tena, maana naona ulikuwa umelala. Hiyo kitu unayoitaka si nira. Hiyo ni sidiria ya ng'ombe."

Weee! Idrisa aliangua kicheko mpaka akashika boneti. Hata Ba Enoka, ambaye Kiswahili chake cha kuokoteza, alicheka.

Sikuishia hapo. "Tukivaa hizo, wanafunzi hawatatuuliza kona. Watatuuliza tunanyonyesha lini."

Mzee Uledi alitabasamu kidogo, akairudisha kwenye boneti taratibu, akaipanga mikanda yake vizuri kama alivyoikuta.

"Haya binti. Mdomo wako siuwezi."

Tukanunua nne nyeusi.

Shikamoo nilimpa mara mbili siku ile. Heshima sikumpa hata mara moja.

*

Klabuni kwetu kulikuwa na utaratibu. Kifaa chochote kikivuka mpaka na karatasi yake ya Kiingereza, katibu anaigeuza kuwa Kiswahili, anaisoma mbele ya wote, kila mtu anatia sahihi kwamba amesikia. Kusoma ilikuwa kazi yangu, na niliipenda. Watu walikuwa wanakuja mapema kunisikiliza mimi.

Nikaichukua ile karatasi mchana, nikakaa kwa mama mmoja anayeuza chai na chapati karibu na stendi, nikaanza kuandika.

Mistari saba. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, mteremko.

Wa nne ukanikata kalamu.

Usitumie kifaa hiki kwenye kiti chenye mkanda wa kawaida wa gari. Mikanda miwili lazima ipite juu ya mabega yote mawili.

Neno kwa neno alichosema Mzee Uledi.

Nikaandika. Naapa niliandika, kwa mwandiko mzuri. Halafu nikaanza kuwaza Jumamosi. Mimi nimesimama mbele ya watu walewale, nasoma kwa kinywa changu kwamba mzee niliyemfanya kichekesho alikuwa sahihi. Nikamwona Idrisa akisema, "Eh, sidiria imerudi!"

Nikaikunja ile karatasi niliyoandika. Nikaifutia mafuta ya chapati vidoleni. Nikaandika upya.

Mistari sita.

Nikajidanganya kwamba mwendo wetu mdogo. Kwamba nitamwambia Idrisa pembeni, wiki ijayo. Kwamba tutafunga mikanda mipya tu muda si mrefu. Mtu mwenye maneno mengi hakosi la kujiambia mwenyewe.

*

Jumamosi nikasoma. Nilisoma vizuri kinoma. Watu wakatia sahihi.

Mzee Uledi alishika kalamu, hakuandika. Akanitazama.

"Binti, ndiyo yote hayo?"

Ule ulikuwa mlango. Aliufungua yeye mwenyewe, kwa upole, mbele ya wote. Nilichotakiwa ni kupita tu.

"Yote, mzee. Au nikusomee na rangi ya karatasi?"

Wakacheka. Akatia sahihi.

Ratiba ilikuwa imebandikwa kwenye pipa. Gari la kwanza: Subaru ya Ombeni, mnunuzi wa kahawa wa Ruanda ya Mbozi, mtu mzima mwenye watoto watatu na akili ya gia ya tano. Mkufunzi: Nesta.

Nikachukua kofia. Mzee Uledi akanizuia kwa mkono.

"Nipishe, nianze mimi. Wewe panga majina."

"Kumbe nira umeipenda, mzee!"

"Nimeipenda," akasema. Akavaa, akafunga kamba za kofia, akapanda.

Ombeni alikuwa amefunga kiti cha mashindano upande wake, mikanda mabega yote mawili, kama inavyotakiwa. Upande wa kushoto, mkanda wa kiwandani. Bega moja. Nilimwona Mzee Uledi akiuvuta, akiupitisha juu ya nira, akiitikisa ile nira kwa mkono wa kulia. Nikamsikia:

"Pole pole, bwana Ombeni. Kama umebeba trei ya mayai. Pale kwenye pipa jekundu, kanyaga breki."

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri.

Wa pili, Ombeni akaona watu wanatazama. Akakanyaga mafuta. Pipa jekundu likapita, breki ikaja imechelewa, gari likateleza kwenye changarawe likaliparamia tuta.

Wala hakikuwa kishindo kikubwa. Puu, basi. Kama gunia limeangushwa.

Ombeni alishuka anatembea. Nira yake ilikuwa imekaa palepale, imemshika kichwa kama ilivyoumbwa.

Nira ya Mzee Uledi, upande wa kulia ilikuwa imechomoka begani. Imening'inia kwenye kofia, imemvuta kichwa upande.

Gari moja, tuta moja, nira za aina moja. Tofauti ilikuwa mstari wa nne.

*

Hospitalini walituambia shingo haikukatika, lakini imeumia ndani. Siku ya tatu vidole vya kulia vikaanza kucheza. Vya kushoto vikagoma.

Nilimweleza Idrisa. Akanitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye droo.

"Nesta, funga mdomo. Sahihi za watu wote zipo. Hii ni bahati mbaya, basi."

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia nifunge mdomo. Na nikaona aibu jinsi nilivyotamani kumtii.

Siku ya tisa nikaenda. Mkewe, Mama Tabu, alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Nikasubiri amalize. Nikasema kabla sijakaa.

"Mzee, karatasi ilikuwa na mistari saba. Wa nne niliuruka."

Mama Tabu kijiko kikabaki hewani.

"Ulikuwa unasemaje?" Mzee Uledi akauliza.

Nikamsomea. Nilikuwa nimeukariri, hata leo nimeukariri.

Akafumba macho. "Nilikuwa nahisi."

"Ulikuwa unahisi? Sasa mzee, kwa nini ulipanda?"

"Kwa sababu ratiba ilikuwa imeandika jina lako."

Aliyepaswa kukaa pale ni mimi. Mimi.

"Kwa maneno sikuwezi, binti. Kule kwa Enoka nilisema, ukanivisha sidiria. Uwanjani nikauliza, ukanicheka. Nikaona ngoja nipande mimi, nimwambie akanyage breki kwa mwendo mdogo, nione kama hicho kifaa kinakaa begani. Kikichomoka nishuke niwaonyeshe kwa macho. Mzunguko wa kwanza nilikiona kinasogea. Nilikuwa namwambia Ombeni asimame nishuke. Na yeye kofia imeziba masikio."

Kumbe hakuniamini hata kidogo. Alitia sahihi akijua nimesema uongo. Na bado kile kiti changu akakikalia yeye.

Nikapiga magoti sakafuni. Maneno yakaja, yananijaa mdomoni, mazuri yote.

"Mzee Uledi, mbele ya Mungu na mbele ya mkeo, nakuo..."

"Ishia hapo."

"Mzee..."

"Ishia hapo nimesema! Mimi nakujua. Wewe utaomba vizuri. Mke wangu hapa atalia, nesi atalia, mimi mwenyewe nitalia. Watu watasema, jamani huyu binti ana moyo. Utatoka hapo mlangoni mwepesi kabisa. Mimi nitabaki na huu mkono." Akautazama wa kushoto, umelala kwenye shuka kama wa mtu mwingine. "Sitaki uniombe. Na usiwaombe wengine. Nenda kausome huo mstari."

Mama Tabu akaniinua. Hakunikumbatia.

*

Huu ni mwaka wa pili. Mkono wa kushoto wa Mzee Uledi haushiki hata kikombe, na lori hajaendesha tena. Jumamosi analetwa uwanjani, anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na lile tuta.

Mimi bado ni mkufunzi. Kabla mtu hajawasha gari, nausoma mstari wa nne kabla ya ule wa kwanza. Bila kunogesha. Halafu navuta mikanda kwa mikono yangu, bega hili na bega lile. Zile nyeusi zimebaki kwa madereva waliofunga mikanda ya mashindano. Sisi wakufunzi tunavaa za kifua, zilezile za Ba Enoka. Wageni wakizicheka, nawaambia jina lake la zamani, na nawaambia nani alilitunga.

Kama na wewe unafundisha kwenye magari ya watu, chukua hili bure: usichague kinga ya shingo kwa kujitazama kwenye kioo. Tazama kwanza kiti utakachokalia. Na ukiona mwenzako ametoa hoja ukamjibu kwa kichekesho, jua hujamjibu.

Jana Idrisa kasikia naandika haya. Akanipigia.

"Nesta, umeichafua klabu. Angalau mwishoni omba radhi, iishe."

Iishe.

Ninayo hayo maneno, Idrisa. Nimeyapanga miaka miwili, yamenyooka, yangewaliza wote mnaosoma hapa. Mngeniandikia pole dada, wewe ni jasiri, na mimi ningelala usingizi.

Siombi msamaha. Si kwako, si kwa klabu, si kwa mtu yeyote.