Siku Baba Alipovunja Zege la Dishi

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Niliishia darasa la saba, lakini leo nina malori matatu na nyumba mbili Ilomba, Mbeya, na wenye digrii zao wananiamkia. Ila kuna mlio mmoja unanimaliza. Ule wa mota ndogo, zziiii, kama wa kioo cha gari kinachopanda. Nikiusikia tu narudi Ipogolo, Iringa, nina miaka kumi, miguu imejaa vumbi, natazama juu mdomo wazi kama kifaranga.

Baba alikuwa fundi wa matairi pale barabara kuu. Siku moja alimuuza ng'ombe wa maziwa wa mama, akanunua dishi la mmisionari aliyekuwa anarudi kwao: la wavu, pana kuliko chumba tulicholala sisi watoto, lenye mkono wa chuma na mota ya kuligeuza.  Mama aliosha tu ndoo ya kukamulia, akaining'iniza ukutani, mahali ambapo kila apitaye ataiona.

Baba hakungoja fundi. Alichimba shimo, akasimamisha paipu kwa macho, akamwaga zege. Fundi Ipyana, Mnyakyusa kutoka Mbeya, alipofika akashusha timazi, uzi wenye kipande cha chuma, kando ya paipu, akaguna.

"Mzee, paipu yako imelala."

"Imelala wapi? Hiyo imenyooka kuliko Wanyakyusa wote!"

Fundi akacheka, kisha akaeleza kwa upole. Dishi la kukaa sehemu moja lingesamehe. Hili la kutembea litashika setilaiti moja tu, nyingine zote litazipita pembeni.

"Funga hivyo hivyo," baba akasema. Na Mhehe akishasema, amesema.

Jumapili majirani walikuja moja kwa moja kutoka kanisani, na nguo zao za ibada. Fundi akabonyeza kitufe. Zziiii! Jamani. Chuma kikubwa kile, kisichoguswa na mtu, kikainua uso na kuanza kugeuka polepole kama alizeti inayotafuta jua. Mgongo ulinisisimka. Mama mmoja wa kwaya alisimama kama inaposomwa Injili, na wengine wakasimama naye.

Picha ikaja kwenye runinga, safi. Dishi likageuka tena: chenga tupu. Tena: chenga.

"Ng'ombe kaliwa na chenga huyo," mtu akasema kwa nyuma, na kicheko kikazunguka. Nikamwangalia mama. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Nilijua kinachofuata, fundi atafukuzwa. Lakini baba alivua koti lake la kanisani, akachukua nyundo kubwa ya matairi, akaenda kusimama kwenye zege.

"Fundi hana kosa," akasema kwa sauti, wote wasikie. Akamgeukia mama. "Mama Neema, nimekosea mimi." Akaanza kuvunja.

Aibu gani ile! Nilikimbilia nyuma ya choo nisione. Kwangu mimi baba alikuwa ameshindwa na Mnyakyusa mwenye kamba na kipande cha chuma.

Wiki iliyofuata paipu ilisimama sawasawa na uzi wa timazi, na dishi likatembea mashariki hadi magharibi likiokota picha moja baada ya nyingine: Waarabu, Wahindi, wazungu wanateleza juu ya barafu. Hata mama alicheka. Kwa miaka mingi nikihadithia, nilihadithia dishi tu.

Mwaka jana nilijenga stoo ya mahindi. Fundi mwashi alinionya kuhusu msingi, nikamwambia mimi sifundishwi. Ukuta ukapasuka. Mke wangu na vibarua wote wakasimama wananitazama. Nimeshuka na lori mlima Kitonga kwenye ukungu, breki zimechoka, sikuogopa vile. Ndipo nilipojua baba alinyanyua nini siku ile.

"Nimekosea mimi," nikasema. "Bomoeni."

Saruji, nondo, vibarua na kila kitu, maneno mawili yale yalinigharimu shilingi milioni mbili, laki tatu na elfu themanini na tano.