Ngeli ya Mwanga

Shangazi yangu husamehe mengi, ila makosa ya ngeli hayasamehe. Ni dada mkubwa wa marehemu baba, mwalimu wa Kurani kwa watoto wa mtaani kwetu Ntinda, na babu zake waliingia Kampala na msafara wa biashara kutoka pwani. Hilo hulisema kana kwamba yeye ndiye aliyeongoza msafara. Muuza matunda akimwambia, "Hajati, nanasi hii ni mzuri sana," shangazi hulirudisha nanasi mezani na kusimama palepale mpaka mtu wa watu aseme nanasi hili ni zuri. Mji mzima huongea Kiswahili cha kuokota, naye bado anaamini atausahihisha wote, mtu mmoja mmoja.

Mwaka juzi walimkata titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Dawa zikafuata, nywele zikaondoka, kisha zikarudi laini kuliko za zamani, naye akazichana kwa maringo kama bibi harusi. Kilichobaki kilikuwa kurudi hospitali kupimwa kila baada ya miezi kadhaa, maana ugonjwa ule una tabia ya kurejea kimyakimya. Hapo ndipo alipogoma.

"Anayetafuta hupata," alisema. "Mimi sitafuti kitu."

Mwanamke yuleyule anayewaimbisha watoto kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua! Nilifoka. Hasira zangu ziko karibu, kila mtu nyumbani anajua, lakini zile hazikuwa hasira, zilikuwa woga. Ndiye aliyenilea. Akikohoa tu chumbani kwake, nilikuwa nikiamka kwenda kusikiliza mlangoni.

Mimi hufanya kazi katika maabara, upande wa Mulago, tunakojaribu njia ya kuitambua saratani kwa mwanga. Tuna chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba hata darubini ya kawaida haizioni. Dhahabu ikiwa ndogo hivyo haing'ai njano tena. Ndani ya maji huwa nyekundu kama juisi ya komamanga. Kila chembe tumeivika kitu cha kunasa alama ambazo saratani huziacha kwenye damu. Zikinasa, chembe hushikamana, na mwanga tunaoupitisha hutoka na rangi nyingine: wekundu hugeuka zambarau. Zisiponasa kitu, wekundu hubaki.

"Dhahabu nyekundu?" shangazi aliuliza nilipomweleza. "Mwanangu, mmeuziwa shaba."

Lakini wanawake wa kwetu na dhahabu, unawajua. Wiki ile ile alijitanda mtandio wake mzuri akaja kuiona, na mimi nikashukuru kimoyomoyo. Nilitaka atoe damu kwa ajili ya utafiti wetu, kisha, polepole, nimvute mpaka hospitali.

Daktari tunayefanya naye kazi ni Mganda aliyekulia kambi ya polisi, na Kiswahili chake ni cha huko huko: kina haraka, hakina ngeli.

"Hajati, usiogope," alimwambia. "Sisi natoa damu kidogo tu. Halafu mwanga anaingia kwa damu, anatafuta kansa. Akipata, anabadirisha rangi."

Shangazi akasimama.

"Mwanga anaingia kwenye damu yangu?"

"Ndiyo, Hajati. Na haumi hata kidogo."

"Astaghfirullahi!" Akachukua mkoba wake akatoka.

Daktari alinigeukia kama mgeni aliyevunja glasi ya wenyeji. "Nimekosea nini?" Mimi mwenyewe sikujua, mpaka nilipoyarudia maneno yake moyoni. Nilipofika kwenye ile "anaingia" ikabidi nishike meza kwa kicheko. Mwanga unaoingia ni nuru. Mwanga anayeingia ni mchawi, yule wa kuzunguka uchi usiku kwenye nyumba za watu akitafuta wa kumla. Watu wa asili ya pwani, hata wakae bara vizazi na vizazi, hawana mzaha naye. Maskini daktari wa watu, kwa silabi moja tu, alikuwa amemwahidi mwalimu wa Kurani kumtia mchawi mwilini.

Nilimweleza, tukacheka wote. Kicheko kikanikatika nilipomkumbuka aliyetoka. Akipanda boda tu, nilijua, hatarudi hapa wala hospitali.

Tulimkuta kwenye benchi la ukumbini, akimsimulia mama mmoja wa Kikongo mkasa wake. Daktari alinitangulia, akachuchumaa mbele yake.

"Hajati, samahani sana. Mimi nasema taa. Ile ya kuangaza. Fundisha mimi."

"Nifundishe."

"Nifundishe."

Shangazi alimtazama, na nikaona ualimu ukimpanda. "Sema: mwanga unaingia."

"Mwanga naingia."

"U-naingia."

"Unaingia."

"Unatafuta. Unabadilisha."

"Unatafuta. Unabadirisha."

Shangazi akafumba macho. "Hilo tutalirudia."

Mama wa Kikongo naye alikuwa akiitikia kwa sauti, na baada yake benchi zima. Muuguzi alichungulia mlangoni kuona kuna nini, akaishia kuitikia na wenzake. Nilifurahi mpaka nikasahau nilichokuwa naogopa.

Kisha daktari akamwambia ukweli. Chombo chetu bado kinajaribiwa, hakichukui nafasi ya hospitali. Anayetupa damu lazima akapimwe na madaktari wake pia, ndipo tulinganishe majibu. Nilijua hapo ndipo atakaponyanyuka.

"Nitakwenda," shangazi akasema, akikunja mkono wa gauni atolewe damu. "Mwalimu hamwachi mwanafunzi katikati ya juzuu."

Akaenda kweli. Siku ya majibu alinishika mkono mpaka pete zake zikanifinya, na mimi sikuthubutu kuuondoa. Hakuna dalili yoyote, alisema daktari wake. Shangazi alimwomba arudie. Akarudia. Tulilia pale pale bila aibu, kisha tukatoka tukicheka wenyewe kwa wenyewe, watu wakatupisha njia.

Hakutaka kwenda nyumbani. Alitaka kuiona dhahabu yake. Maabarani nikamwonyesha kijichupa cha dhahabu iliyochanganywa na majimaji ya damu yake, nyekundu ileile, haijageuka hata chembe. Alikiinua dirishani. "Komamanga," akasema.

Daktari wetu aliingia mbio, majibu mkononi, na furaha ikamsahaulisha masomo yote.

"Hajati! Hata huku kwetu! Mwanga ametafuta, ametafuta, amekosa!"

Nikajikunyata nikisubiri bakora ya ngeli. Shangazi alivuta mtandio wake vizuri, midomo ikimcheza.

"Amekosa, mwanangu," akamjibu. "Amelala njaa."