Neema anaenda Kongo, na mimi nina siri

Neema wangu anaenda Kongo kusaidia uchaguzi!

Ndiyo, huyu huyu niliyemzaa mimi. Salamu baadaye.

Atawafundisha wasioona kupiga kura wenyewe, kwa kifuniko cha karatasi ngumu kinachowekwa juu ya karatasi ya kura: kila mgombea na tundu lake, pembeni alama za kugusa.

Mama yangu kule Bukavu haoni. Maisha yake yote mtu mwingine ndiye aliyemchagulia.

Leo hapa ughaibuni, mtaani kwetu Sharpstown, mbele ya wamama wa kwaya, Neema akanifunga macho nijaribu.

Jamani, giza lile! Vidole vikatembea polepole, kama vimeshika mkono wa mama.

Nikapata tundu, nikatia alama, nikapaza sauti: "Namba tatu!"

"Mama! Kura ni siri!"

"Huyu na siri, wapi na wapi?" Mama Riziki wa kwaya akacheka.

Nikarudia. Nikakunja, nikatumbukiza ndani ya sufuria, ndiyo sanduku letu la kura, kimya.

Na katika kimya kile nikamwona mama yangu anatoka kupiga kura, midomo ameifunga, anatabasamu peke yake.

Nilimchagua nani? Hata Baba Neema hajui.

Mje mniulize wenyewe, mandazi yatakuwepo. Tunamuaga Neema Jumamosi.