Bangi ya Majani Chai

Kwetu tulilima chai na hatukuinywa. Watu wa mbali wakisikia hivyo hucheka, lakini kijijini kwetu, upande wa Keroka, hakuna aliyeona ajabu. Sisi tulikuwa watu wa Sabato, baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na kanisani chai ilihesabiwa pamoja na tumbaku na pombe. Kuilima hakukukatazwa. Kwa hiyo baba aliamka alfajiri, akachuma majani mawili na chipukizi kama ilivyotakiwa, akayapeleka kituoni yapimwe, kisha akarudi nyumbani kunywa uji.

Kila mkulima alikuwa na namba yake ya kuuzia majani. Baba alipewa yake katikati ya miaka ya sitini, na mama alisema siku hiyo aliimba nyimbo za kanisa njia nzima mpaka ng'ombe wakashtuka. Namba hiyo ndiyo iliyotuvisha na kutusomesha sisi sote. Lakini ilikuwa na sharti moja kali: majani ni ya kiwanda. Mkulima akikutwa anakausha majani nyumbani, hata ya kutosha kikombe kimoja tu, namba inafutwa, na shamba lake linabaki vichaka vya kufungia mbuzi. Haya yote niliyajua vizuri, na nayasema mapema ili mtu asinionee huruma.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alirudi kutoka ng'ambo alikokwenda kusoma kilimo. Kilimo hakikuonekana. Alirudi na nywele ndefu, kamera ya sinema ya kutiwa ufunguo kama saa ya mezani, na mikanda michache ya filamu aliyoilinda kuliko pasipoti. Alitaka kupiga sinema yake mwenyewe, bila kampuni na bila ruhusa ya mtu.

Ilihusu vijana waliochoka na wazazi, shule na kanisa. Wanaingia garini Suneka kutafuta bangi. Wakifika mjini Kisii wanaambiwa iko Keroka. Keroka wanapata kidogo, lakini wanaambiwa iliyo bora iko Nyansiongo, kwenye mashamba yaliyokuwa ya walowezi. Nilimuuliza kama mwishowe wanaipata hiyo bora. Akanijibu kwamba hilo ni swali la watu wa zamani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, nikaona aibu kuwa mtu wa zamani, nikakubali kuigiza mwasi wa kike.

Mwasi wa kiume alikuwa rafiki yetu wa mjini, kijana Mwislamu ambaye baba yake aliuza vitambaa. Yeye ndiye aliyekuwa na gari, kigari kikuukuu kilichowaka tu kikisukumwa mteremkoni. Bahati nzuri, Kisii haina upungufu wa miteremko. Pia alinishonea suruali ya bugaluu kutoka kwenye kitambaa kilichobaki dukani, rangi ya machungwa, miguu mipana inayofagia vumbi. Niliificha kwa rafiki yangu na kuivaa nikiwa njiani. Nakiri kwamba niliipenda suruali ile kuliko nilivyoipenda sinema.

Tulianza Suneka. Nilitakiwa kutupa daftari la shule kupitia dirishani, ishara kwamba nimeaga masomo. Nikatupa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akaliokota, akatukimbilia.

"Mwanangu! Umeangusha kitabu!"

Tukarudia. Akalirudisha tena. Mara ya tatu alinisogelea dirishani, akanishika mkono na kunisihi nisikate tamaa na masomo, hata kama ni magumu. Ndugu yangu alikuwa akipiga kelele juu ya filamu inayopotea, na mimi machozi yalikuwa yananilengalenga. Nilimwahidi yule mama kwamba nitasoma.

Ijumaa mchana kazi ilisimama kwa sababu dereva alikwenda msikitini. Jumamosi ilisimama kwa sababu yangu. Jumapili ndugu yangu mwenyewe alizidiwa na usingizi. Sijui kama kuna waasi wengine duniani waliofuata ratiba ya ibada kwa makini kiasi kile.

Ikabaki bangi yenyewe. Ndugu yangu alitaka ya kweli. Nilimwambia kwamba mimi na bangi ya kweli hatutakaa gari moja, na kwamba nitamtafutia kitu kinachofanana. Nikachuma majani ya chai shambani kwa baba, fungu dogo tu, nikayaanika juu ya gunia nyuma ya zizi la mbuzi mahali mama hapiti. Siku tatu za jua zilitosha. Niliyafunga kwenye magome makavu ya mgomba, vifurushi virefu vyembamba kama tulivyosikia wauzaji wanavyofanya. Vilifaa sana. Wakati wote huo namba ya baba haikunipitia kichwani hata mara moja, kwa sababu nilikuwa natengeneza bangi. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na naweza kuapa.

Keroka ilikuwa siku ya soko. Ndugu yangu alipanda juu ya lori lililopakiwa ndizi, akatuelekezea kamera kutoka huko. Dereva, ambaye sasa aliigiza muuzaji, akanipa vifurushi kwa kificho kikubwa mno. Nikavinusa, nikafumba macho, nikacheka kicheko cha mtu aliyepotea. Watu wakakusanyika. Taniboi mmoja wa lori lile akatushauri tununue kwa mtu mwingine, huyu anaonekana mwizi. Ndipo askari wa chifu alipotokea, mgeni wa wilaya nyingine, akanishika bega.

"Nyinyi vijana, munauza bangi kwa barabara, mchana hivi? Hata aibu hamuna?"

Kule juu ya lori kamera iliendelea kukoroma. Miezi kadhaa baadaye, mikanda iliposafishwa ng'ambo na sinema ikaonyeshwa huko kwa wanafunzi, ndugu yangu aliniandikia kwamba watazamaji walimsifu askari kuliko sisi sote. Walitaka kujua alisomea wapi uigizaji.

Lakini siku ile hakuna aliyepiga makofi. Tulipelekwa kambini kwa chifu, ndugu yangu akatufuata akikumbatia kamera. Chifu alikuwa mtu mnene mwenye subira. Alivifungua vifurushi juu ya meza, akauliza ni nini. Nami, kwa furaha ya mtu anayejua jibu, nikasema kwa sauti:

"Si bangi, mzee! Ni majani chai tu. Nimeyachuma kwetu, nikayakausha mwenyewe!"

Kwenye benchi karibu na mlango alikuwa amekaa karani wa kituo chetu cha majani, aliyekuja kwa shughuli zake. Alikuwa mtu wa kanisa letu, mwenye kalamu mbili mfukoni na bila utani hata mmoja. Akainuka polepole.

"Umeyakausha wapi?" akauliza.

Hapo ndipo namba ya baba ilipoingia kichwani, kwa mara ya kwanza. Nikamgeukia chifu.

"Nimedanganya, mzee. Ni bangi. Na ni yangu peke yangu."

"Hapana, ni yangu!" akasema ndugu yangu.

"Wallahi, mimi ndiye niliyeuza," akasema dereva. "Soko zima limeniona."

Chifu akaweka kalamu chini. Alisema amekaa katika kiti kile miaka mingi na hajawahi kuona watu wakigombania bangi namna hiyo. Akaamua baba yangu aitwe. Kama ni bangi, tutakwenda mahakamani Kisii. Kama ni chai, karani atafuta namba.

Baba alifika kwa baiskeli, amevaa koti lake la kanisani. Kitu cha kwanza alichokitazama ni suruali yangu. Aliitazama kwa muda. Kisha akasalimia kila mtu kwa zamu, akaelezwa.

"Mzee," chifu akasema, "mtoto amesema ni chai, halafu amesema ni bangi. Wewe ni mtu wa kanisa, huwezi kunidanganya. Hii ni chai ya shamba lako?"

Baba akachukua majani kidogo, akayasaga kwa vidole, akayarudisha mezani. Nilitamani ardhi inimeze, lakini kabla ya hapo nilitamani aseme ni bangi.

"Chemsheni," karani akasema. "Chai inajulikana kwa kunywa."

Birika likaletwa. Yakamiminwa maji moto kwenye kikombe cha bati, yakageuka rangi ya kutu. Shida ikawa nani atakunywa. Chifu alisema yeye hawezi kuonja bangi akiwa kazini. Karani, aliyetoa wazo, aliangalia dirishani. Askari alikumbuka kazi nje.

Baba akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akapuliza. Akanywa mpaka chini, bila kusimama, akajifuta mdomo.

"Chifu," akasema, "tangu nizaliwe sijawahi kuonja chai. Siwezi kutoa ushahidi juu ya ladha nisiyoijua."

Chifu akanusa kikombe, akachovya ulimi kwenye machicha yaliyobaki, akatema nje ya dirisha. Alisema kama hiyo ni chai, yeye ni askofu, inanuka mbuzi. Wala baba hakuanza kuona maluweluwe, kwa hiyo bangi nayo ikakosa shahidi. Chifu akatufukuza wote. Karani alifunga daftari lake taratibu.

"Leo sikupata mtu wa kuniambia ni chai," alisema. "Siku nitakapompata, nitaandika."

Tulirudi kwa miguu, baba akisukuma baiskeli.

"Tata," nikamwambia, "ulijua."

"Nilijua tangu mlangoni. Mimi na majani yale tunaamka pamoja."

"Lakini hukusema uongo."

"Sikusema. Ila nimekunywa." Akatembea kidogo. "Sabato nitalisema kanisani."

Nilifikiri nitachapwa, au suruali itachomwa. Hakuna kilichotokea. Aliniuliza tu kama mifuko ya suruali ile inashika vitu vizuri. Aliyewaka ni mama. Juma zima alimfuata baba kutoka zizini hadi shambani. Kwa nini aseme chai? Karani hukaa safu ya tatu! Aseme "kinywaji", Mungu anajua kilichokuwemo kikombeni. Baba alimsikiliza, akaendelea kuchuma. Hakusema atasema neno gani. Mimi nilimwomba nisimame mwenyewe nikiri kosa langu. Akasema langu nitalisema siku yangu, hili ni lake.

Sabato ikafika. Nilikaa na vijana, nimevaa gauni refu kuliko yote niliyokuwa nayo. Baada ya mahubiri baba akasimama mbele, akavua miwani. Mama alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo juu chini. Karani alikuwa safu ya tatu, kalamu zake mbili mfukoni.

"Ndugu zangu," baba akasema, "juma hili nilipewa kikombe mbele ya watu, nikakinywa."

Nikaona mama akitikisa kichwa ndiyo, ndiyo, inatosha, kaa chini.

"Kilikuwa chai," akasema baba. "Ya shamba langu. Naiweka chini kazi ya uzee wa kanisa mpaka mtakaponiona nafaa tena. Naomba mnisamehe."

Kanisa zima lilikuwa limesikia habari za Keroka. Wote wakamgeukia karani, hata watoto. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, nami nilijua kabisa kwamba mwenye hatia ni mimi. Karani akainuka. Akapeleka mkono mfukoni, zilipokuwa kalamu. Akatoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo.

"Amina," akasema, akaketi.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya juma tulibeba kapu la majani pamoja, mimi na baba, mpaka kituoni. Karani akalitundika kwenye mizani. Akauliza namba, ingawa aliijua kwa moyo, na baba akaitaja kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika.

Karani akaiandika, na kilo kando yake.