Sauti nyuma ya mlango wa Bi Zuhura kila nikipeleka delivery ya udi

Wakuu, salaam. Hii sikuhadithiwa, imenikuta mwenyewe hapa Lamu, na siongezi neno.

Nauza udi mtaa wa Langoni. Zamani kila Alhamisi duka lilijaa akina mama wakinusa, wakibishana, wakirudisha. Siku hizi nipo mimi na paka. Wateja wanaona picha kwenye status, wanatuma order, napeleka. Sijui mtu ananunuaje harufu kwa picha, lakini haya.

Bi Zuhura alikuwa mteja mgumu kuliko wote. Magoti yakamfungia ndani. Bintiye aliye Nairobi akaanza kuniagiza kwa simu: kila Alhamisi alasiri kifurushi kimoja, "weka tu dakani, usimsumbue mama."

Nikawa naweka kwenye kile kibaraza cha mlangoni, naondoka. Bila hodi.

Wiki ya tatu, nikiinama, nikasikia mtu ananong'ona nyuma ya mlango. Karibu kabisa. Mchana kweupe, kichochoro kitupu, nywele zikanisimama. Nilitoka mbio.

Cheki na hili: kila nikirudi, kifurushi cha wiki iliyopita hakipo, lakini nyumba hainuki udi hata kidogo. Nikajiambia anayepokea si mtu.

Niliendelea kupeleka, biashara ni biashara.

Alhamisi iliyopita ndara ikanikatikia palepale mlangoni. Nikiihangaikia, nikasikia maneno vizuri. Ayatul Kursiyy, aya ya kujikinga na mashetani. Kisha sauti inayotetemeka:

"Rudi kwa alokutuma!"

Wakuu, nilikuwa nasomewa mimi.

Nikapiga hodi kwa nguvu, nikataja jina langu na la baba. Komeo likalia. Bi Zuhura amekonda, tasbihi mkononi. Nyuma yake kikapu kina vifurushi vyangu vyote, havijafunguliwa, vimemwagiwa chumvi. Kando, mizigo imefungwa. Kesho yake alikuwa ahamie kwa dadake Matondoni, aiache nyumba aliyozaliwa.

"Mtu huja mlangoni asinene?" akasema. "Nimedhani natumiwa vitu vya uchawi."

Kumbe hakuna aliyemwambia kuhusu vifurushi: binti alidhani mimi nimemwambia mamake. Mimi nilidhani binti ndiye kamwambia. Niliona haya, wallahi.

Nikaketi. Nikampa kipande, akakifikicha kiganjani, akanusa, akakunja uso.

"Si hii. Lete nyingine."

Nilikimbilia dukani peku, machozi yananitoka, nacheka. Niliporudi alikuwa anafungua mizigo.

Nilichojifunza: kuuza kwa simu sawa, lakini hodi si usumbufu.

Wenye maduka, semeni kitu hapa. Yupi mteja wako ambaye hujasikia sauti yake tangu aanze kuagiziwa kwa simu?